Kifaransa kwa Kujitegemea: Tuchague Vitabu Gani, Tujifunze Namna Gani?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama mjini Mbeya, kisha yakarudiwa Iringa. Tunayachapa kama yalivyosemwa.)



Tumeombwa kusema juu ya jambo ambalo limeleta maswali mengi katika matawi yetu ya Nyanda za Juu za Kusini. Nalo ni hili: je, kijana wa Mbeya au wa Iringa, asiye na mwalimu wa Kifaransa karibu naye, wala hana fedha za kwenda kukaa Dar es Salaam, aweza kujifundisha lugha hiyo mwenyewe? Na kama aweza, anunue kitabu gani, na kipi akiache dukani?

Jibu letu ni kwamba aweza. Lakini aweza kwa masharti, na masharti hayo ndiyo tutakayoyaeleza leo. Hatukuja kuwauzia kitabu wala kumsifu mtu. Tumekuja kupima mambo pamoja nanyi, kama mkulima anavyopima mbegu kabla ya kuitia ardhini.

Kwa nini Kifaransa?

Tuanze na barabara, maana barabara ndiyo iliyotuletea neno hili. Barabara kuu itokayo bandari ya Dar es Salaam hupita chini ya mji wa Iringa pale Ipogolo, ikaenda Mafinga, Makambako, Chimala, Uyole na Mbeya, mpaka ikafika Tunduma. Reli ya TAZARA, ambayo tuliijenga sisi na ndugu zetu wa Zambia kwa msaada wa rafiki zetu wa China, ikakabidhiwa mwaka 1976, nayo hupita Makambako na Mbeya katika safari yake ya kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Mzigo mwingi upitao njia hii hauishii Zambia. Huenda mbele mpaka Kasumbalesa, mlango wa Kongo, kisha Lubumbashi na Kolwezi kwenye machimbo ya shaba.

Pale Kasumbalesa dereva wetu hukuta mambo mawili. La kwanza humfurahisha: watu wanasema Kiswahili. Si Kiswahili cha Unguja, lakini atasalimiwa, atauziwa chakula, ataelekezwa njia. La pili humtoa jasho: karatasi ni za Kifaransa. Karatasi ya forodha ni ya Kifaransa, risiti ya faini ni ya Kifaransa, na hati ya polisi vivyo hivyo. Akiugua, cheti cha daktari ni cha Kifaransa. Ndugu zetu wauzao mchele wa Kyela na wa Mbarali, wakipata mnunuzi wa Lubumbashi, mkataba huja kwa Kifaransa. Basi tuseme wazi: mtu atiaye sahihi karatasi asiyoweza kuisoma amempa mwenzake kalamu aandike deni lolote apendalo.

Tena mambo ya nchi zetu yamebadilika. Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikaingia mwaka 2022. Kabla ya hapo, mwezi Februari 2021, wakuu wa nchi za Jumuiya walikwisha kuridhia Kifaransa na Kiswahili viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo kijana wetu anayetaka kazi katika ofisi za Jumuiya, au biashara katika soko lake, atakutana na Kifaransa apende asipende.

Je, si utumwa?

Mzee mmoja alituuliza katika mkutano, naye aliuliza kwa haki: "Tulimfukuza mkoloni mmoja na lugha yake bado inatusumbua. Leo mwatuletea lugha ya mkoloni wa pili?"

Swali hili lisichekwe. Mwacha mila ni mtumwa, na mtu ajifunzaye Kifaransa ili awadharau wenzake wasiokijua huyo amejiuza bila kulipwa. Lakini tutazame mfano wa Mwalimu Nyerere. Uhuru tuliupata mwaka 1961. Mwaka 1963 kikatoka kitabu chake, tafsiri ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, kwa Kiswahili safi. Mwalimu alikijua Kiingereza sana, akakitumia kama jembe la kulimia shamba la Kiswahili. Kujua kwake lugha ya wengine hakukumpunguzia yake, bali kulimwezesha kuonyesha ulimwengu kwamba lugha yetu yaweza kubeba mzigo wowote.

Na Kiswahili hakikimbii. Mwaka 2019 kilifanywa lugha rasmi ya nne ya SADC, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakikubali kuwa lugha yake ya kazi. Mtu mwenye nyumba imara haogopi kumtembelea jirani.

Tena tukumbuke kwamba Kifaransa katika Afrika si sauti ya mabwana peke yao. Patrice Lumumba alisema kwa Kifaransa siku ya uhuru wa Kongo, tarehe 30 Juni 1960, mbele ya mfalme wa Ubelgiji, akamweleza mateso ya watu wake pasipo kuficha. Guinea ya Sékou Touré ilimjibu de Gaulle "Hapana" kwa lugha ya de Gaulle mwenyewe mwaka 1958. Thomas Sankara alisema Addis Ababa mwaka 1987 juu ya madeni ya Afrika, kwa Kifaransa. Kijana wetu akijifunza lugha hii, awasikie kwanza hao.

Kwanza jua unataka nini

Kosa kubwa la wanaojifunza peke yao ni kuanza na kitabu. Yapasa kuanza na kazi. Jiulize: nataka kufanya nini kwa Kifaransa, na lini?

Wanafunzi wetu ni wa aina tatu. Wa kwanza ni dereva, utingo, wakala wa mizigo na mfanya biashara. Huyu anataka tarakimu, uzito, fedha, tarehe, majina ya karatasi, na maneno ya adabu kwa polisi na afisa forodha. Wa pili ni kijana wa Iringa anayeongoza wageni waendao hifadhi ya Ruaha au Isimila, au anayefanya kazi hotelini. Huyu anataka kusema: kukaribisha, kueleza njia, kutaja wanyama, kuonya juu ya hatari. Wa tatu ni mwanafunzi au mwalimu anayetaka cheti na kazi ya ofisi. Huyu hana budi kusoma na kuandika kwa kanuni.

Cheti kinachojulikana duniani ni DELF, chenye ngazi nne: A1, A2, B1 na B2. Juu yake iko DALF, C1 na C2. Ukikipata hakiishi muda wake. Wenye shule za lugha hukadiria kwamba A1 yataka saa 60 hadi 100 za kujifunza, A2 kama saa 200, na B1 kama saa 400. Basi fanya hesabu: ukitoa saa moja kila siku pasipo kukosa, A1 ni miezi mitatu, A2 ni miezi sita na nusu, na B1 ni mwaka mmoja na mwezi. Mtu akikuambia atakupa Kifaransa chote kwa siku thelathini, mwulize anakupa saa ngapi kwa siku.

Dereva hana haja ya cheti. Asitumie fedha za watoto kwa mtihani usioulizwa na mtu. Mwanafunzi ndiye afikirie mtihani, tena baada ya kuwa tayari, maana Alliance Française iko Dar es Salaam na Arusha, haiko kwetu, na nauli ni yake.

Namna ya kupima kitabu

Sasa twende dukani. Kabla ya kutoa shilingi, kipime kitabu kwa maswali matano.

Swali la kwanza: kina sauti? Kitabu cha Kifaransa kisicho na sauti ni sawa na ngoma isiyo na ngozi. Kiswahili tunakisoma kama kilivyoandikwa, kila herufi ina kazi. Kifaransa sivyo. Neno "beaucoup", maana yake "sana" au "nyingi", lina herufi nane, lakini sauti zake ni nne tu: b, o, k, u. "Je parle", "tu parles", "ils parlent", yaani nasema, unasema, wanasema: kitenzi kimeandikwa namna tatu, kikatamkwa namna moja. Mtu aliyejifunza kwa macho tu atasema maneno ambayo hakuna Mkongo atakayeyatambua.

Swali la pili: kina majibu ya mazoezi? Ajifundishaye mwenyewe ni mwanafunzi na msahihishaji pamoja. Bila majibu hatajua alipopotea.

Swali la tatu: sentensi zake ni za mtu mzima mwenye kazi? Fungua somo la kumi. Kama bado wanataja rangi za penseli, rudisha kitabu.

Swali la nne: kinaeleza kwa lugha gani? Vitabu vingi na programu nyingi za simu hufundisha Kifaransa kwa njia ya Kiingereza. Kwa aliyemaliza kidato cha sita ni sawa. Lakini kwa ndugu asiyekijua Kiingereza vema, anabebeshwa magunia mawili badala ya moja. Huyu asikate tamaa. Achague kitabu chenye maneno machache ya maelezo na sentensi nyingi, kisha wenzake wa kikundi wamwandikie maelezo kwa Kiswahili katika daftari.

Swali la tano: nitakimaliza? Kitabu kimoja kilichomalizwa ni bora kuliko vitano vilivyoanzwa. Tunawajua vijana ambao simu zao zimejaa programu kumi za Kifaransa, nao hawawezi kuuliza bei ya mkate.

Katika vitabu vya kununua, Assimil, kampuni ya Ufaransa iliyoanza mwaka 1929, ina njia nzuri: somo fupi kila siku, mazungumzo yenye sauti, na tafsiri ukurasa wa pili. Kwanza unasikiliza na kuelewa tu. Baada ya masomo mengi unarudi mwanzo, unafunika Kifaransa, unakitafuta kinywani. Ila ni ghali, na maelezo yake si ya Kiswahili.

Katika vya bure, iko kozi ya zamani iliyotungwa kwa maafisa wa ubalozi wa Marekani, iitwayo FSI. Ina sauti na mazoezi mengi ya kurudiarudia. Mazungumzo yake yamezeeka na yanachosha, lakini yanafundisha kinywa kama kwata inavyofundisha miguu. TV5Monde ina masomo ya bure mtandaoni kwa ngazi za A1 hadi B2, nayo ina picha na majibu. Kwa anayeanza bila fedha, ashike TV5Monde kama kitabu chake, na FSI kama mazoezi.

Sikio kwanza

Nusu ya saa yako ya kila siku iwe ya sikio. Hapa sisi wasema Kiswahili tuna bahati ambayo watu wengi hawana.

Radio Okapi, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa nchini Kongo mwaka 2002, hutangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za Kongo, Kiswahili kikiwa kimojawapo. RFI ya Ufaransa nayo ina idhaa ya Kiswahili. Basi fanya hivi: sikiliza kwanza habari za siku kwa Kiswahili. Halafu sikiliza habari hizo hizo kwa Kifaransa. Ukishajua kilichotokea, sikio litaanza kuyashika maneno: jina la mji, idadi ya watu, neno la vita, neno la mkutano. RFI ina pia taarifa ya habari ya dakika kumi kwa Kifaransa chepesi, pamoja na maandishi yake. Isikilize mara ya kwanza bila maandishi, mara ya pili ukiyafuata kwa kidole.

Radio Okapi ina faida nyingine: utasikia Kifaransa cha Kongo, ambacho ndicho utakachokutana nacho. Chukua mfano wa tarakimu. Kitabu cha Paris kitakufundisha kwamba 70 ni "soixante-dix", yaani sitini na kumi, na 90 ni "quatre-vingt-dix", yaani ishirini mara nne na kumi. Lakini Wabelgiji husema "septante" na "nonante", na ndivyo wasemavyo Kongo, Rwanda na Burundi. Ila 80 hubaki "quatre-vingts". Mfanya biashara asiyelijua jambo hili ataambiwa bei moja, akafikiri nyingine. Jifunze kutamka kwa namna ya Kongo, na kuelewa kwa namna zote mbili.

Kiswahili ni mtaji wetu

Wako watu wanaosema Mwafrika hawezi Kifaransa mpaka apitie Kiingereza. Hilo si kweli, nasi tutalithibitisha kwa sarufi.

Mwingereza husema "naona wewe": kitendwa hukaa nyuma ya kitenzi. Sisi husema "ninakuona", na hilo "ku" liko mbele ya "ona". Mfaransa husema "je te vois": "je" ni ni-, "te" ni -ku-, "vois" ni -ona. Mpango ni ule ule!

Mfaransa akikana, hulizunguka neno pande mbili: "il ne parle pas". Nasi husema "hasemi": ha- mbele, -i nyuma, na kitenzi katikati. Mambo haya humshangaza Mwingereza, wewe unayafanya tangu utotoni.

Wageni wa Kifaransa hulia sana juu ya jinsia ya majina, yaani kila jina ni la kiume au la kike, na sifa zake hulifuata. Ndugu zangu, sisi tuna ngeli ngapi? Twasema kitabu kizuri, mti mzuri, nyumba nzuri, maji mazuri, pasipo kufikiri. Mwenye ngeli nyingi hivyo ataogopa ngeli mbili? Ila afanye kama tulivyofanya sisi tukiwa watoto: asijifunze jina likiwa uchi. Asiseme "table" ni meza, aseme "une table". Asiseme "camion" ni lori, aseme "un camion". Na sifa nyingi hukaa nyuma ya jina kama zetu: nyumba nyeupe, "une maison blanche".

Tena adabu. Kifaransa kina "tu" kwa mtoto na rafiki, na "vous" kwa mkubwa na mgeni. Mnyakyusa hamwambii mzee "ugonile", humwambia "mugonile". Basi "vous" ndilo hilo. Na kabla ya kuuliza lolote sema "bonjour", maana Mkongo kama sisi hapendi mtu amwulizaye bila salamu.

Sauti ngumu ni chache. "U" ya Kifaransa, kama katika "tu", tamka "i" huku midomo ukiiviringa kama unayetaka kusema "u". "R" ya Paris iko karibu na "gh" ya watu wa pwani katika "ghali", lakini Wakongo wengi husema "r" kama yetu, wala usijitese. Zile irabu za puani, kama katika "bon" na "vin", zisikilize na kuiga kila siku mpaka zikae.

Kusoma, na kamusi

Soma kile unachokijua tayari. Wengi wetu hapa Nyanda za Juu tuna Biblia ya Kiswahili nyumbani. Tafsiri ya Kifaransa ya Louis Segond ya mwaka 1910 hupatikana bure. Weka sura moja ya Injili huku na huku, mstari kwa mstari. Kifaransa chake ni cha kizamani kidogo, lakini hutahitaji kamusi kwa kila neno. Ndugu Waislamu nao waweza kuilinganisha tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy na ya Kifaransa ya Muhammad Hamidullah. Wazazi wachukue hadithi za African Storybook, ambazo ni za bure, fupi, zenye picha, na nyingi zimo kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Baba na mtoto watasoma pamoja. Aliyefika mbali zaidi atafute riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali, "Une si longue lettre" ya mwaka 1979, maana ipo tafsiri yake ya Kiswahili, "Barua Ndefu Kama Hii".

Juu ya kamusi, yatupasa kujua kwamba Padre Charles Sacleux alichapisha Paris mwaka 1939 kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa, na Alphonse Lenselaer akachapisha nyingine mwaka 1983. Ni kazi za maana, lakini zilitungwa kwa Mfaransa anayejifunza Kiswahili, na ni za maktaba. Kamusi yako ya kwanza ni daftari lako mwenyewe. Andika sentensi nzima, si neno moja. Kata maboksi ya karatasi yawe kadi ndogo: upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kifaransa. Uliyoikumbuka irudie baada ya siku tatu, kisha wiki, kisha mwezi. Uliyoisahau irudie kesho. Iko programu ya bure, Anki, ifanyayo kazi hiyo katika simu. Kadi za boksi nazo hazihitaji umeme.

Na simu itafsiriyo?

Vijana wametuuliza: simu siku hizi hutafsiri yenyewe, tujisumbue kwa nini? Tunajibu: itumieni. Piga picha ya karatasi, ipate maana yake, andika maneno mapya. Lakini mtandao hukatika, chaji huisha, na afisa hatakungoja. Kubwa zaidi, simu ikikosea, nayo hukosea, asiyejua lugha hana njia ya kuikamata. Simu ni utingo mzuri. Usimpe usukani.

Saa moja ya kila siku

Haba na haba hujaza kibaba. Saa tatu za Jumapili hazilingani na nusu saa ya kila siku. Igawe saa yako hivi: dakika kumi na tano kurudia kadi, dakika ishirini somo jipya kwa sauti kubwa, dakika kumi na tano redio, na dakika kumi imla. Sisi tuliopita chuo cha ualimu tunaijua nguvu ya imla. Sikiliza sentensi, simamisha sauti, andika, kisha linganisha na maandishi. Hapo ndipo utakapoona herufi zisizosemwa zimejificha wapi. Tena jirekodi sauti yako katika simu kila mwisho wa mwezi, uisikilize. Aibu itapungua, maendeleo yataonekana.

Kikundi

Kujitegemea si kujitenga. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu zaidi ya milioni moja wa nchi hii walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu vyao pamoja, wakajadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo. Mambo yaliyofanikisha kazi ile yalikuwa manne: sauti, kijitabu, kiongozi wa kikundi, na kazi ya mikono baada ya somo. Nasi tuyachukue yote manne.

Kikundi kiwe cha watu watano au sita. Kikutane mara moja kwa wiki. Bando moja linunuliwe kwa mchango, sauti zipakuliwe, zigawiwe kwa wote. Kiongozi asiwe lazima mjuzi kuliko wenzake, awe mwenye kushika saa. Na kazi ya mikono ni kuzungumza na Mkongo wa kweli. Madereva na wafanya biashara wa Kongo wapo Tunduma na Mbeya kila wiki. Wengi wao wanataka Kiswahili sanifu, kwa kuwa nao wanauza kwetu. Basi tubadilishane: nusu saa yeye anakufundisha, nusu saa wewe unamfundisha. Hapana anayelipa, hapana anayedharauliwa.

Akina mama wasiachwe nje. Wao ndio wenye mchele na viazi sokoni, na wao ndio wanaopunjwa kwanza. Saa ya kikundi ichaguliwe wakati ambao mama aweza kuja, siyo wakati wa kupika.

Tunayopendekeza

Ndugu Mwenyekiti, tunaleta mapendekezo matatu, matawi yayapime.

La kwanza, kila tawi lenye vijana watano wanaotaka Kifaransa liwape mahali pa kukutania.

La pili, matawi ya njiani, toka Iringa mpaka Mbeya, yakusanye karatasi tupu za Kifaransa ambazo madereva hukutana nazo, yafute majina ya watu, yaziandikie maana kwa Kiswahili. Tukipata maneno 500 ya karatasi hizo, tutakuwa na kijitabu ambacho hakuna duka la Paris linalokiuza, nacho kitakuwa kwa Kiswahili tangu ukurasa wa kwanza.

La tatu, atakayejifunza amfundishe mmoja. Atakayefika A2 asiondoke kwenye kikundi kabla hajamleta mwingine.

Hatuwaahidi kwamba Kifaransa kitaleta utajiri. Tunawaambia tu kwamba mlango uko wazi, na nyuma yake wako ndugu zetu wanaosalimiana kwa Kiswahili na kuandikiana kwa Kifaransa. Nusu ya ufunguo tunayo tangu zamani. Nusu ya pili tuifue wenyewe, saa moja kila siku, kuanzia kesho.

Uhuru na Kazi!